Ana A ya Civics lakini katoa elfu tano ya barua bila risiti. Hivi watoto wanasoma nini kwenye hili somo?

#1 Mama Tuli

Habari zenu wakuu. Nina jambo limenikaa kooni tangu juzi naomba nilitoe hapa.

Mdogo wangu wa mwisho kamaliza kidato cha nne, Civics kapiga A. Juzi nikampa elfu kumi aende serikali ya mtaa akachukue barua ya utambulisho ya kupeleka NIDA apate kitambulisho cha taifa. Karudi na barua na elfu tano. Nyingine kampa "yule kaka wa mezani". Risiti hakuna. Uliuliza ni ya nini? Hakuuliza, kaambiwa toa katoa.

Nikamwambia lete daftari lako la Civics hapa. Kalileta, zuri kweli, limefunikwa gazeti, mwandiko kama umechapwa. Kuna ukurasa wa utawala bora, sifa zake zimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, uwazi upo, uwajibikaji upo. Nikamwambia nisomee. Kazitaja zote kwa Kiingereza bila kuangalia daftari, macho yako dirishani. Nikamuuliza sasa yule kaka wa mezani anawajibika kwa nani? Kimya. Mwenyekiti wa mtaa wetu anapatikanaje? "Anateuliwa na mkuu wa wilaya." Jamani, Novemba 2024 tumepiga kura ya serikali za mitaa nchi nzima na yeye mwenyewe ndiye alinisindikiza kituoni akanishikia mtoto!

Sasa naomba mnisaidie, miaka minne wanafundishwa nini?

#2 kalamu nyekundu

Nimekaa siti ya mbele, uzi mzuri huu. Ila dada usimwonee dogo, watu wazima wenye ndevu tunatoa hiyo elfu tano kila siku na tunasema asante.

#3 Ticha wa Zamu

Mama Tuli pole. Mimi Civics nafundisha mwaka wa tisa huu, shule ya kata, kwa hiyo ngoja nikueleze kilichomo.

Kwenye silabasi ambayo mdogo wako kasoma, kidato cha kwanza wanaanza na taifa letu, bendera, nembo, wimbo wa taifa, mwenge, sikukuu za kitaifa. Humo humo kuna stadi za maisha, haki za binadamu, uraia, kazi, familia na ndoa, hadi usalama barabarani. Wakipanda wanakutana na jinsia, serikali kuu na serikali za mitaa, katiba, demokrasia na uchaguzi, halafu uchumi, umaskini, utamaduni, wanamalizia na utandawazi. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa yumo dada, mdogo wako kafundishwa, tena inawezekana swali lake alilipata.

Shida ninayoiona mimi ni lugha. Mtoto kasoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili, Januari anaingia fomu wani anaambiwa serikali ina mihimili mitatu, ila kaambiwa kwa Kiingereza. Mwaka jana niliwauliza vijana wangu ile mada ya mihimili kuchungana, ambayo kwenye kitabu imeandikwa "checks and balances", nani anajua maana yake. Binti mmoja mzuri tu darasani, ananyoosha mkono wa kwanza, akasimama akasema, "Hundi na salio la benki." Darasa zima likatikisa kichwa kukubali, hakuna aliyecheka, maana wote ndivyo walivyokuwa wanaelewa. Siku ile nilifunga kitabu nikafundisha kipindi kizima kwa Kiswahili mlango umefungwa. Waliuliza maswali mpaka kengele ikagonga. Lakini mtihani ukija, karatasi ya Civics (011) ya baraza la mitihani, NECTA, ni Kiingereza, nifanyeje?

#4 Mzee wa Kwata

Hamjambo wanangu. Sisi hatukusoma hiyo Civics, tulisoma Siasa. Ilikuja baada ya Azimio la Arusha 1967, Mwalimu Nyerere akatoa na andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi mwaka ule ule. Mimi nilikuwa sekondari 1978. Tulijua Msumbiji imepataje uhuru, tulijua kwa nini makaburu wako Afrika Kusini, vita ya Kagera ilipoanza mwalimu alichora ramani ubaoni na chaki, kila asubuhi anasogeza mstari kufuatana na taarifa ya habari ya redio. Mtoto wa kijijini anajua dunia inakwendaje.

Na mwongozo wa TANU wa 1971, kifungu cha 15, ulisema kiongozi asiwe na majivuno wala asiwagandamize watu. Tulikijua kwa kichwa. Wafanyakazi viwandani walikitumia kifungu kile kuwakatalia mameneja wao, wengine wakagoma kabisa. Huyo kaka wa mezani enzi zetu angeulizwa kwenye mkutano mbele ya mkewe.

Mlipoleta vyama vingi 1995 mkaitupa Siasa, mkaleta hayo mambo ya zebra na utandawazi.

#5 Chuma cha Reli

Mzee wa Kwata shikamoo. Kwa heshima zote, hao wafanyakazi waliogoma kwa kifungu cha 15 wengine waliishia kuondolewa na polisi kiwandani na kupoteza kazi, hilo hujalisema. Marehemu baba naye alifundisha Siasa, na aliniambia kuna swali moja ambalo mwanafunzi hakuruhusiwa kuuliza, kwa nini chama ni kimoja. Ukiuliza unaitwa ofisini. Sasa hiyo nayo ni elimu ya uraia au ni elimu ya chama?

#6 Dada Wakili

Marekebisho kidogo kwa mzee wetu. Vyama vingi sheria yake ni 1992, uchaguzi wa kwanza ndio 1995. Kabla ya hapo kulikuwa na Tume ya Jaji Nyalali iliyozunguka 1991 kuuliza watu, asilimia 80 hivi wakasema chama kibaki kimoja na 20 wakataka vingi, tume ikapendekeza vingi, maana hata kwenye wale 80 wengi walitaka mambo yabadilike. Siasa ikafa hapo, Civics ikazaliwa.

Mama Tuli, sasa nakuja kwako. Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi. Sentensi hiyo imeandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka, mtoto wa darasa la tano anaielewa. Katiba yetu ipo kwa Kiswahili! Halafu tunamchukua mtoto yule yule tunampa daftari la Kiingereza akariri kilichotafsiriwa kutoka kwenye lugha yake mwenyewe. Inaniuma sana hii.

Halafu haki zenyewe zimeingia kwenye katiba 1984. Kwa hiyo mzee mwaka 1978 anasoma Siasa, sura ya haki za binadamu haikuwepo kwenye katiba.

#7 Mzee wa Kwata

Wakili ahsante, 1992 nakubali. Ila haki tulikuwa nazo hata kabla hazijaandikwa.

#8 Chuma cha Reli

Mzee hapo sasa tutakesha 😀

#9 Bi Karafuu

Salaam aleikum kutoka Unguja. Mama Tuli umesema "nchi nzima" mmepiga kura ya mitaa, hapana dada yangu, sie huku hatukupiga. Huku kuna sheha, na sheha hachaguliwi, huteuliwa. Serikali za mitaa si jambo la Muungano. Kwa hiyo mdogo wako kule kwenu kakosea, lakini angelijibu hivyo kwa habari ya huku, kwamba kiongozi wa mtaa anateuliwa, angelikuwa karibu na kweli kuliko nyie nyote.

Na hili ndilo linanisumbua mimi na Civics. Mwanangu kaletewa mtihani umeandikwa taja kazi za mwenyekiti wa kijiji. Kijiji gani? Mtoto wa Mji Mkongwe huyu, anajua sheha. Mambo ya Muungano yalianza 11 mwaka 1964 yakafika 22, Zanzibar ina katiba yake ya 1984 na Baraza lake la Wawakilishi, lakini kwenye daftari lake hayo yamekaa ukurasa mmoja, kurasa tatu ni mila potofu. Mtoto anajifunza serikali ya jirani kuliko ya kwao.

#10 Mama Tuli

Bi Karafuu umenisahihisha vizuri, shukrani, kweli nimesema nchi nzima kwa mazoea. Na mimi Civics nilipata C, haya ya sheha ndiyo nayasikia leo kutoka kwako.

Ticha, hiyo ya hundi na salio nimemsomea mdogo wangu. Hakucheka. Kasema "kwani siyo?"

#11 Baba Faraja

Mimi sikubaliani na hii hoja ya lugha. Mwanangu yuko shule ya Kiingereza tangu chekechea, anakiongea kuliko mimi baba yake, na yeye mtihani wa Civics alikariri kama wote. Tatizo ni mtihani wenyewe. Swali linasema taja umuhimu sita wa kitu fulani, mtoto anameza sita, ya saba hana haja nayo. Kuna madesa mtaani yana maswali yamepangwa, mada hii imetoka miaka hii, mada ile imetoka miaka ile. Mtoto anasoma mtihani, hasomi nchi. Ukiuliza hata kwa Kisukuma atakariri kwa Kisukuma.

#12 Ticha wa Zamu

Baba Faraja una hoja lakini nusu. Kukariri kunakuja kwa sababu haelewi lugha, anayeelewa akikariri ni kwa uvivu tu, hao ni wawili tofauti.

Na kuna jambo la tatu ambalo walimu tunalisema tukiwa wenyewe. Civics ni somo ambalo kila mwalimu anaambiwa "chukua na hili". Mimi mwenyewe nilisomea Jiografia na Kiswahili. Nilifika kituoni mkuu akaniuliza Civics utaweza, nikasema nitajaribu, kesho yake niko darasani na wanafunzi 90. Mada ya katiba nilifundisha mwaka mzima sijawahi kuishika katiba yenyewe mkononi, nilikuwa na kitabu kinachoieleza katiba. Siku nilipoipata nilikaa nayo hadi saa saba usiku. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu wale wa mwaka ule nimewapeleka mtihani hivyo hivyo.

#13 Wa Kaunti

Hamjambo majirani. Huku kwetu Kenya sisi tulisoma Historia na Serikali, na tulikariri pia msidhani ni nyinyi tu. Niliandika majukumu ya gavana na bunge la kaunti vizuri sana na sikuwa namjua mwakilishi wa wadi yetu.

Mimi kilichonifundisha si shule. Kura ya maoni ya katiba Agosti 2010 nilikuwa kijana mdogo, nakala za ile katiba zilikuwa zinagawanywa bure, shosho yangu, yaani bibi, alikuwa na yake ameiweka na Biblia, anaisoma sura ya nne ya haki kama anasoma Zaburi. Halafu 2024 ule mswada wa fedha, vijana waliutafsiri wenyewe kwa Kiswahili na lugha za nyumbani wakawa wanaelezana mtandaoni kipengele kwa kipengele, mkate utapanda hivi, gari litatozwa hivi. Hao hao ndio walikuwa wanasinzia kwenye Historia na Serikali. Mtu anasoma sheria siku inapomgusa mfukoni.

#14 kalamu nyekundu

Wa Kaunti umeongea. Na wengine walioandamana kuupinga mswada ule hawakurudi nyumbani, Mungu awapumzishe.

#15 Kitambaa Cheupe

Mimi ni msomaji tu siku zote, leo nimeamua kuandika kwa sababu mnasema hili somo halisaidii.

Nilikuwa kidato cha pili 2016, kijijini. Baba alikuwa amefariki, baba mdogo akaleta habari ya mchumba, ng'ombe walishatajwa idadi. Mama analia tu jikoni. Mwalimu wetu wa Civics alikuwa ametufundisha mada ya familia na ndoa, halafu akaja darasani mwezi ule wa saba na kipande cha gazeti, Mahakama Kuu imesema vile vifungu vya sheria ya ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana aolewe na miaka 15 ni kinyume na katiba. Alikisoma mara mbili kwa Kiswahili. Nikamuomba kile kipande. Nilikikunja nikakiweka kwenye soksi nikaenda nacho nyumbani na nikampa baba mdogo akisome mwenyewe, sikusema neno, nilikuwa natetemeka. Alikisoma amesimama. Akaniuliza nani kakupa. Nikasema mwalimu. Akakirudisha.

Sijui kama ni gazeti au ni aibu, lakini wale ng'ombe hawakuja. Leo ni nesi.

#16 Mama Tuli

Kitambaa Cheupe mdogo wangu, nimesoma nikarudia. Hongera kwako, na huyo mwalimu Mungu ampe maisha marefu.

#17 Dada Wakili

Kitambaa Cheupe umeniliza. Kwa faida ya wengine, serikali ilikata rufaa ile kesi, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikabaki pale pale. Aliyeifungua ni Rebeca Gyumi. Nakumbuka tulivyokuwa tunasubiri ile hukumu.

#18 Chuma cha Reli

Sasa angalieni, mwalimu wa Kitambaa alifundisha kwa Kiswahili, kwa gazeti, kitu cha mwezi ule ule. Ni walimu wangapi wanathubutu? Hapa ndipo mnapozunguka hamtaki kusema. Somo lina mada ya demokrasia na uchaguzi, mwalimu ni mtumishi wa serikali, darasani kuna mtoto wa diwani. Mwaka 2019 uchaguzi wa mitaa wagombea wengi wa upinzani walienguliwa hadi Chadema na wenzao wakajitoa, mwalimu anaingia darasani kesho yake kufundisha sifa za uchaguzi huru na wa haki. Atasema nini? Ataandika notisi ubaoni atoke. Mtoto naye ana macho, anaona daftari linasema hivi na mtaani ni vile, anajua lipi ni la mtihani na lipi ni la kuishi. Dogo wa Mama Tuli hakusahau uwajibikaji, alijua tu pale siyo mahali pake.

#19 Ticha wa Zamu

Chuma, sitabisha. Nimewahi kuulizwa darasani kwa nini ibara ya 41 ya Katiba inasema tume ya uchaguzi ikishamtangaza rais mahakama haiwezi kuchunguza. Kijana wa miaka 16 kasoma mwenyewe. Nilimwambia swali zuri, tutalijibu kipindi kijacho. Kipindi kijacho sikulijibu. Hadi leo nikimuona kijana yule stendi, anasaidia kupakia mizigo, nakumbuka deni lile.

#20 Mtoto wa Buguruni

Jamani naomba nitoke nje ya mada kidogo. Hiyo nembo wanayosoma fomu wani, bibi na bwana wameshika pembe za ndovu, karafuu na pamba miguuni, mlima Kilimanjaro chini yao, mwenge juu. Mzee Francis Kanyasu, maarufu Ngosha, aliyekuwa anasema yeye ndiye aliyeichora, alikuwa anaishi huku kwetu Buguruni kwa shida sana, akafariki 2017. Watoto wanapigwa fimbo kwa kukosea rangi za nembo na hakuna mwalimu anayewatajia huyo mzee.

#21 Bi Karafuu

Mbona wapo wengine wanaodai wao ndio waliichora, na wa huku Zanzibar pia. Msimpe mmoja.

#22 Mtoto wa Buguruni

Bi Karafuu hata kama wako watatu, watajwe watatu. Mimi nilimuona mzee kwa macho yangu.

#23 Mwenyekiti Mstaafu

Nimekuwa mwenyekiti wa mtaa miaka mitano, naomba niwaeleze na upande wa pili. Mwenyekiti anachaguliwa na hana mshahara kama mtumishi. Mtendaji wa mtaa ndiye mwajiriwa wa halmashauri. Karatasi, wino, umeme wa ile ofisi, mara nyingi hakuna fungu. Kwetu wananchi wenyewe walikaa kikao wakakubaliana anayechukua barua achangie elfu mbili, ikaandikwa kwenye muhtasari na kila aliyetoa anaandikwa kwenye daftari. Kwa hiyo si kila hela ni wizi. Ila elfu tano bila daftari wala risiti, hapo mama una haki ya kuuliza. Na niwaambie ukweli mwingine, kwenye mtaa wetu wenye kaya mia kadhaa mkutano wakija wengi ni watu 30, na vijana humo ni wawili watatu. Nilikuwa nasoma mapato na matumizi mbele ya viti.

#24 Baba Faraja

Mwenyekiti umenigusa, na mimi sijahudhuria hata mmoja. Lakini ndiyo narudi nyumbani sasa, tunawalea watoto hivi: mkubwa akisema unanyamaza, ukiuliza una adabu mbovu. Halafu tunataka akifika kwenye meza ya ofisi awe amebadilika. Civics ni vipindi vichache kwa wiki, nyumbani ni kila siku.

#25 Mzee wa Kwata

Adabu na woga ni vitu viwili. Baba yangu alinifundisha kuuliza huku nimepiga goti.

#26 Ticha wa Zamu

Kwa wasiojua, mtaala umebadilika, ulianza kuingia 2024, na kuna somo jipya la lazima, Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili. Mimi kwa upande wa lugha nimefurahi kutoka moyoni. Wasiwasi wangu ni hilo neno maadili, likibebwa vibaya litakuwa somo la kutii tu. Mzee wa Kwata atatuambia kama linafanana na Siasa yake.

#27 Mzee wa Kwata

Niletee kitabu nitasoma.

#28 Dada Wakili

Na kijijini kumbukeni mkutano mkuu wa kijiji ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa uitwe kila miezi mitatu. Mtaani nako wakazi wana mkutano wao. Kitambaa Cheupe alikwenda na gazeti, nyie mnaweza kwenda na daftari la Civics.

#29 Mama Tuli

Leo asubuhi nimemchukua mdogo wangu tukarudi pale. Yule kaka wa mezani hakuwepo, tumemkuta mtendaji, mdada mstaarabu. Nilimwambia dogo uliza wewe. Kaanza kwa Kiingereza, neno lile lile la kwenye daftari, akakwama. Nikamwambia sema kama unavyosema nyumbani. Akasema, "Dada shikamoo, naomba kujua ile elfu tano niliyotoa Jumatano imeandikwa wapi." Mdada akavuta daftari akafunua, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Jumatano wameandikwa watu wanne, yeye hayumo. Kasema atamuuliza mwenzake, turudi Ijumaa, na mkutano wa mtaa ni Jumapili saa nne, chini ya mwembe nyuma ya ofisi.

Dogo njiani kaniuliza kama Jumapili yule kaka atakuwepo. Nimemwambia sijui.